Mahubiri ya Pasaka Ambayo Sikuyamaliza

Tangu nistaafu, wachungaji vijana wa Kamina hunijia nyumbani na swali moja, kila mmoja akidhani ni wa kwanza kuuliza: "Mama Pasteur, mifano ya Pasaka weye ulikuwa unaitoaka wapi?" Hawaulizi namna ya kuzika, wala namna ya kukaa katika kikao cha wazee wa kanisa bila kusinzia, mambo ambayo yangewafaa zaidi. Wanataka mifano. Basi nimeketi barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, naandika. Atakayechoka njiani aruke mpaka mwisho. Wengi wenu ndivyo mnavyosoma hata Biblia.

Sitaeleza nilipandishwa lini wala nilihamishwa wapi na wapi. Nitasema jambo moja tu kunihusu ili mnielewe: mimi ni mtu wa kushtuka. Baba yangu, aliyekuwa karani wa reli, alisema sufuria ikianguka kwa jirani mimi naruka nikiwa kwetu. Uchungaji haukuniponya. Nimeshtuka miaka yote ya kazi, na mahubiri mengi niliyoyapata niliyapata moyo ukiwa bado unadunda.

Nilipopewa kuhubiri Pasaka kwa mara ya kwanza nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka shule ya theolojia, msichana mwembamba ndani ya joho lililoshonwa kwa kipimo cha mwanamume. Nilikuwa na kitabu cha mifano kilichotoka Ulaya. Nikachagua ule wa theluji inayoyeyuka na maua yanayochomoza chini yake, nikausoma kwa sauti tamu, nikaona watu wametulia kabisa. Nilidhani wameguswa. Nje, mama mmoja mzee alinishika mkono akanivuta pembeni. "Mama, ile kitu ya mweupe yenye kufunika bantu, ni magonjwa gani? Kwetu hapa iko dawa yake?" Na alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu Pasaka inakuja mvua zikiwa zinaaga, majani hayachomozi, yanaanza kuchoka. Nilikuwa nimewahubiria ugonjwa.

Aliyeniokoa ni Pasteur Kasongo, mchungaji wangu mkuu wakati ule. Alikuwa mzee mfupi mwenye baiskeli ndefu, na kila alipotaka kushuka ilibidi atafute ukuta. Jumatatu ile ya Pasaka alikuja kwangu asubuhi, akachukua kile kitabu cha Ulaya mezani, akakiweka chini ya mguu wa kabati lililokuwa likiyumba. Kabati likatulia. Kisha akasema, "Twende soko."

Tulikaa sokoni siku nzima, na jioni tukaenda stesheni kuwatazama watu wanaosubiri treni. Sikuelewa tunafanya nini. Nilipomwuliza, alijibu: "Ngoie, Pasaka ni habari ya bantu benye kushituka. Bamama balishituka, Petro alishituka, hata baaskari balianguka. Kama mufano haukushitue weye mwenyewe, usiupandishe kule juu." Nilimwambia mimi hushtushwa na kila kitu. Akanitazama vizuri, akasema, "Basi Mungu alikutengeneza kwa kazi hii."

Alinifundisha mengine ya kutumia mikono na miguu. Siku ya kutafuta mfano ni Jumatatu, siyo Jumamosi, kwa sababu Jumamosi mhubiri ana njaa ya mfano na mwenye njaa hachagui. Nunua kitu kidogo, ukae chini, usiulize maswali. Ukipata kisa, kijaribu kwanza kwa akina mama wanaochambua maharagwe: mikono yao ikisimama, kisa ni kizuri, wakiendelea kuchambua, kitupe. Na mwenye kisa mwombe ruhusa kabla hujamtaja. Hili la mwisho linaonekana rahisi, lakini subirini.

Jumapili ile inayofuata Pasaka, tunaposoma habari za Tomaso, niliwahi kutumia kisa cha fundi baiskeli mmoja wa karibu na stesheni. Mteja aliapa kwamba mpira wake hauna tundu. Fundi hakubishana naye. Aliuzamisha mpira katika beseni la maji, akafuata mapovu kwa kidole mpaka kidole kikatua palepale penye jeraha. Akina mama wa maharagwe walisimamisha mikono. Fundi nilimwomba ruhusa, akakubali kwa furaha, akaja na familia nzima kusikia. Kilichofuata sikukitegemea. Mji mzima ukaanza kumwita Tomaso. Watoto walimwita, wateja walimwita, na mkewe, siku waliyogombana, naye akamwita hivyo. Alihamia kanisa jingine, na mpaka leo akiniona anageuza baiskeli. Kwa hiyo ruhusa mwombeni, lakini msidhani ruhusa inamaliza mambo.

Mwaka mwingine nilieleza jinsi watu walivyokesha wakisubiri treni hapa Kamina mpaka wakakata tamaa, wakalala juu ya mizigo yao, na treni ikaingia alfajiri wote wakiwa wamelala. Niliona ni picha nzuri ya asubuhi ya ufufuo. Benchi zima la wafanyakazi wa reli liliinuka na kutoka. Walidhani nawalaumu kwa kuchelewa. Baba yangu mwenyewe, wakati huo bado hai, hakula chakula changu cha Pasaka.

Ndiyo maisha yalivyokwenda. Pasteur Kasongo alifariki, mimi nikaachiwa kanisa lake na kipande chake cha reli, kile kinachoning'inia nje na kupigwa kwa nyundo badala ya kengele. Sasa nifike kwenye Pasaka yangu ya mwisho kazini, kwa maana hiyo ndiyo mnayotaka, na wengine wenu mmeisikia imepotoshwa.

Kulikuwa na mvuvi mmoja anayeitwa Umba, mtu wa Kinkondja, aliyemwoa Mujinga, binti wa kanisa letu. Umba alikuwa akikaa majuma kadhaa ziwani Kisale, kisha majuma kadhaa hapa Kamina. Alileta samaki waliokaushwa kwa moshi, na Mujinga aliwauza sokoni. Katika mvua za mwaka uliotangulia, dhoruba ilipindua mtumbwi. Mwenzake alipatikana amekufa katika matete. Umba hakupatikana. Walitafuta mpaka wakachoka, na kule si mahali pa kutafutia kitu, kwa sababu visiwa vya matete vyenyewe husukumwa na upepo: leo viko hapa, kesho viko kule.

Watu wa ziwani hawamwachi ndugu yao bila kaburi. Mwili usipopatikana, wanazika nguo. Sanduku lilitengenezwa, Mujinga akakunja nguo nzuri za mumewe na kuzipanga ndani, na mimi nikaongoza maziko hapa Kamina. Nakumbuka lilivyokuwa jepesi. Wabebaji walikuwa wakienda mbio bila kujijua, ikabidi niwaambie wapunguze mwendo. Tulisimika msalaba wa mbao wenye jina lake.

Tangu siku hiyo Mujinga alikaa katika kilio, na kilio kile kilikuwa na mwisho wake. Mdogo wake Umba, Banze, karani katika ofisi moja mjini, mtu wa kanisa na mwimbaji, ndiye aliyekuwa msimamizi wa familia. Kikao cha familia kilipangwa juma moja baada ya Pasaka, ili kilio kiondolewe na Mujinga aamuliwe. Ama arithiwe na Banze awe mke wake wa pili, ama aondoke katika nyumba, maana kiwanja ni cha ukoo. Mujinga alinijia akilia: "Mama Pasteur, minyi sitaki Banze. Na fasi ya kuenda sina." Nilikwenda kuongea na familia zaidi ya mara moja. Walinipa kiti, walinipa soda, hawakunipa jibu. Nilirudi nimekasirika, soda nimeiacha mezani.

Jumatatu ya juma takatifu nilikuwa sokoni natafuta mfano, nikamkuta Mujinga ananunua ufagio. Nikamwuliza wa nini. Akasema Jumapili alfajiri, tutakapokwenda makaburini kuimba kama ilivyo desturi ya kanisa letu, anataka kufagia kaburi la mumewe. "Najua ndani iko manguo tu," akasema. "Lakini minyi nitafagia." Nilishtuka pale pale katikati ya vitunguu. Wale wanawake wa Injili walikwenda na manukato. Huyu anakwenda na ufagio, tena kwenye kaburi analojua halina mtu. Nilimwomba ruhusa. Akafikiri kidogo, akasema, "Sema tu, Mama. Pengine ndugu zake batasikia."

Ikafika Pasaka. Alfajiri tulikwenda makaburini, Mujinga akafagia, tukaimba kwamba Bwana yu hai mpaka jua likatoka. Tukarudi kanisani, kipande cha reli kikapigwa, kanisa likajaa mpaka madirishani. Nje, sufuria za kila familia zilikaa juu ya mbabula, majiko yetu ya makaa, maana baada ya ibada tunakula pamoja. Nilipanda mimbarani nikaanza. Nilieleza ufagio. Niliona mikono ya watu imesimama. Nikasema, na haya ndiyo maneno yangu ya mwisho siku ile, "Na mumewe, ndugu yetu Umba, ambaye sisi wote tulimsindikiza—"

Umba aliingia kwa mlango wa nyuma.

Mimi ndiye niliyemwona kwanza kwa sababu mimi tu ndiye niliyekuwa nikiutazama mlango. Alikuwa amekonda, mguu mmoja unaburutika, anaegemea fimbo, na upande wa pili ameshikwa na mfanyabiashara mmoja Mwislamu, Ramazani, mtu wa asili ya Maniema aliyehamia mjini hivi karibuni na lori lake. Umba akavua kofia, kama mtu aliyechelewa ibada. Sikupiga kelele, na hilo halikuwa ujasiri. Sauti ilikuwa imeniacha. Watu wakageuka kuona ninachokitazama.

Jamani, nimewahi kuona treni ikiacha njia. Sijawahi kuona kitu kama kile. "Vidye wami!" mtu mmoja alimlilia Mungu kwa Kiluba, na kanisa zima likasimama kwa pamoja. Waliokuwa karibu na madirisha walitoka kwa madirisha. Besi wote wa kwaya, wanaume wazima walioimba "Ameshinda mauti" muda mfupi uliopita, walipita juu ya ngoma yao wenyewe. Mzee wa kanisa mmoja, mwalimu mstaafu, aliniambia baadaye kwamba alitoka ili kwenda kuita msaada. Alikutwa ndani ya choo cha shule.

Ndani tulibaki wachache. Mimi mimbarani, nimeshikilia mbao. Ramazani, anayeshangaa kwa nini Wakristo wanakimbia mgeni. Umba, kofia mkononi. Na Mujinga, katika benchi la mbele, ambaye hakukimbia wala hakumwendea. Alikuwa amegeuka nusu, anaitazama miguu ya yule mtu, miguu tu, kuona kama inakanyaga chini.

"Mama Pasteur," Umba akasema, "kuna nini? Nyumbani mutoto wa jirani alisema Mujinga iko kanisani. Nimekuja. Bantu banakimbia."

"Umba," nikasema, sauti ikanitoka kama ya kuku, "weye uko... weye hukufa?"

"Nilivunjika muguu."

Hayo tu. Mtu amezikwa, amefagiliwa kaburi, amehubiriwa, naye anasema alivunjika mguu.

Alieleza akiwa amesimama. Dhoruba ilimtupa juu ya matete, akachukuliwa na maji mbali, mpaka kule chini kupita Mulongo. Wavuvi wa kambi moja walimtoa mguu umevunjika vibaya. Maji yalipanda, njia ikafungwa, homa ikamlaza. Kambi ile haina mtandao. Baadaye walimpeleka kwa mtumbwi mahali simu inapofika, naye akapiga namba moja tu aliyoijua kwa kichwa, namba ya mdogo wake. "Nilisema, Banze, ni minyi yaya yako, mukubwa yako. Akakata. Nikapiga tena, haikuita. Nikajua basi banakasirika na minyi, sababu mwenzangu alikufa na minyi nikabaki." Akangoja mguu upone ili aje kuomba msamaha kwa miguu yake, mpaka lori la Ramazani lilipopita.

Alipokuwa akisema hayo, nje kelele zilibadilika. Mwanzo zilikuwa za kukimbia. Sasa zilikuwa za kurudi. Nikashuka nikaenda mlangoni. Watu wangu, walewale, walikuwa wamejipanga uani na mawe mikononi. Banze alikuwa mbele, jiwe lake kubwa kuliko yote. Kwao ilikuwa wazi: mtu aliyezikwa hawezi kuingia kanisani mchana, kwa hiyo huyo ni mfu aliyetumwa na mchawi, na mfu wa namna hiyo akiachwa ataondoka na mtu. Nyuma mmoja akataja petroli. Niliijua sauti ile. Nimeisikia ikiimba zaburi miaka mingi.

Nilisimama mlangoni, mikono nimeinyoosha, joho limeziba njia. "Weka chini!" nikasema. Hakuna aliyeweka. Nikawaambia ni Umba, amevunjika mguu, amefika kwa lori. Wakaniambia nitoke, mfu amekwisha kunifunga akili. Nilipotaja simu, jiwe la Banze lilishuka kidogo.

"Simu gani?" shangazi yao, Mama Kabange, akamwuliza. Huyu ni mwanamke mzee wa Kinkondja ambaye familia yote humtii.

Banze akamgeukia. "Niliisikia, shangazi. Sauti yake. Tulikuwa tumekwisha kumuzika. Nikajua ni mufu iko ananiita. Nikatoa karte SIM mu simu, nikatupa mu choo. Sikuambia muntu."

Nilidhani yamekwisha, lakini Mama Kabange akatikisa kichwa. "Mufu anaweza kujua mambo ya simu. Mufu anajua yote. Kitu moja tu anashindwa." Akaniangalia mimi, kana kwamba nafaa kuyajua hayo kuliko wote. "Mufu hakulake chumvi. Mumupe chakula yenye chumvi. Akikula, ni muntu. Akikataa, Mama Pasteur, utatoka mu ule mulango."

Kwa miaka yangu yote nimehubiri ile sura ya Luka, jinsi Bwana alivyosimama katikati yao nao wakadhani wanaona roho, na akawaomba kitu cha kula, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa. Kila mara niliruka haraka pale penye samaki. Niliona ni jambo dogo, la jikoni, lililoingia kwa bahati. Sasa nilisimama pale, mawe mbele yangu na mtu hai nyuma yangu, na nikataka samaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote duniani.

Mujinga, aliyekuwa amesogea mlangoni pamoja na Ramazani, akapita chini ya mkono wangu. Hakumwangalia mtu. Alikwenda kwenye mbabula yake, akafunua sufuria, akapakua samaki wa mawese na bukari, ugali wetu, kwenye sahani, akarudi nayo. Ramazani, aliyekuwa ameelewa hatimaye, akasema kwenye lori ana mifuko ya chumvi ya kuuza, akatoka mbio kuileta. Umati ukamfungulia njia, ukajifunga tena. Umba tulimkalisha kwenye ngazi ya mlango, ili wote waone.

Mujinga akaweka sahani magotini pake, akarudi nyuma. Mtu yule alikuwa na njaa ya safari. Hakungoja chumvi wala hakujua inangojwa, kwa maana tulikuwa tumeongea nje na yeye alikuwa amebaki ndani, mbali na mlango. Akanawa kwa maji niliyommiminia, akamega bukari, akachovya, akavunja samaki, akatia mdomoni. Akatafuna. Watu walisogea. Akatafuna tena, polepole, uso ukaanza kukunjika. Nilisikia mawe yakigusana mikononi mwa watu.

Umba akaweka chini tonge. Akamtafuta mkewe kwa macho.

"Mujinga," akasema, "chumvi iko wapi? Siku yote ni hivi hivi. Muntu anatoka mbali, anapata samaki ya maji tu!"

Mujinga alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Halafu akaanza kupiga mapaja yake kwa viganja, analia na kucheka. "Ni yeye! Bantu, ni yeye! Tangu ndoa yetu ananisumbua na chumvi! Ni bwana yangu, mubaya hivi hivi!" Ramazani akafika na mfuko, Umba akauchana kwa meno, akanyunyiza kama anayepanda mbegu, akala, akalamba vidole, akanyunyiza tena. Mama Kabange alihesabu nyunyizo mbili za kwanza kwa kutikisa kichwa, kisha akakaa chini vumbini na nguo zake za Pasaka, akaomba naye apewe kipande.

Mawe yalianguka moja moja. Nilikuwa nikilia wazi, joho lote limelowa mawese kwa sababu nilikuwa nimeishikilia sahani ya Umba. Hakuna aliyeniuliza mahubiri yalikuwa yanaishia wapi. Banze peke yake alibaki amesimama mbali. Alikuwa na aibu, na nadhani bado alikuwa na hofu kidogo.

Walipokuwa wakila, Umba, aliyekwisha kuambiwa habari za kaburi lake, akauliza tulizika nini, kama hatukuwa na mtu. Mujinga akamwambia: nguo zake.

"Nguo gani?"

"Zile za muzuri."

"Na koti ya bluu?"

Mujinga akamsogezea chumvi. Umba akasukuma sahani. Ile ndiyo mara ya pekee siku ile nilipomwona amekasirika kweli. "Munazika koti yangu ya bluu? Sasa minyi nitavaa nini?"

Kwa hiyo Jumatatu ya Pasaka, siku yangu ya kutafuta mifano, nilikuwa makaburini na Umba, Mujinga na Banze, aliyekuja bila kuitwa akiwa na jembe. Mlinzi alikataa kabisa. "Hapa bantu banazikaka," akasema. "Kufukula ni namna gani?" Nikamwonyesha Umba, nikamwonyesha jina juu ya msalaba, nikamwambia mwenyewe amekuja kuchukua vitu vyake. Mlinzi alitazama jina, akamtazama Umba, akasema kazi hii ameichoka, akaenda kukaa mbali.

Banze hakumwachia mtu jembe. Alichimba peke yake, akashuka shimoni peke yake, akafungua sanduku. Nguo zilikuwa zimelala vilevile Mujinga alivyozikunja, mtu hayumo, na mtu mwenyewe amesimama ukingoni kando yangu, anauliza kama kiatu cha pili kipo. Niliketi juu ya kaburi la jirani bila kuomba ruhusa ya mwenyewe.

Banze alipanda na koti, akalikung'uta udongo, akalishika wazi kwa mikono miwili. "Yaya," akasema. Ndilo neno la kwanza alilomwambia. Umba akageuza mgongo, akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Mchwa walikuwa wamekula mkono wa kushoto karibu mpaka kiwiko. Umba akaung'oa msalaba, akampa Mujinga, naye akauweka begani na kusema mbao ni kavu, bukari ya leo itaiva haraka.

Tukatoka langoni, Umba mbele na fimbo yake, udongo mwekundu umemganda mabegani. Akina mama waliokuwa wakitoka mashambani na mabeseni ya mihogo vichwani walikuwa wanakuja upande wetu. Hawa hawakuwepo kanisani. Walimwona mtu anayetoka makaburini amevaa koti aliloagwa nalo. Mabeseni yakaruka, mihogo ikatawanyika njia nzima, na akina mama wakakimbilia porini.

Banze akatupa jembe. Akatupita sote, karani yule wa ofisi, suruali imejaa udongo mpaka magotini, akawafuata mbio, mikono miwili juu, anapaza sauti mpaka inapasuka: "Musikimbie, bamama! Musikimbie! Ni yaya yangu! Iko muzima! Minyi nilimuona, anakulaka chumvi!"